SOMO: Bima ya afya kabla hujaondoka Entebbe kwenda kusoma nje

Habari zenu ndugu zangu, na wazee wetu mliomo humu shikamooni. Msimu wa ofa za vyuo umefika na kila siku napata meseji za vijana wanaouliza visa, tiketi, hosteli, lakini bima hakuna anayeuliza mpaka ubalozi umdai karatasi. Nawaelewa, maana huku kwetu wengi tumekua bila bima, ukiumwa unaingia kliniki ya mtaani unatoa elfu ishirini yako, unapimwa malaria, unapewa dawa unarudi kulala. Kule haiendi hivyo, na kitu kinachowaumiza watu wetu siyo kukosa bima kabisa, ni TAREHE. Unakuwa na karatasi mkononi kumbe siku unayoumwa haifanyi kazi. Nisomeni polepole.

HATUA YA 1: Jua nchi yako inataka nini

Usichukue ushauri wa mtu aliyesoma India ukautumia Ujerumani.

Uingereza hukati bima, unalipa ada ya afya pamoja na maombi ya visa. Mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka na hailipwi kidogokidogo, ni ya muda wote wa visa kwa mpigo. Hapa ndipo watu wanashtuka: masters ya miezi 12, visa yake inafika kama miezi 17, kwa hiyo unalipa mwaka mmoja na nusu, jumla pauni 1,164. Inalipwa kwa kadi mtandaoni, basi nenda benki mapema waulize kadi yako inaruhusu kutoa kiasi gani kwa siku, usije ukakwama usiku wa mwisho. Visa wakikunyima ile ada inarudishwa.

Ujerumani chuo hakikusajili bila uthibitisho wa bima. Kama hujafika miaka 30 unaingia bima ya umma (TK, AOK, Barmer na wengine) kwa bei ya mwanafunzi, weka kwenye bajeti euro 140 mpaka 160 kila mwezi. Hii mi naipenda kuliko zote maana haikukatai kwa sababu ya ugonjwa ulionao. Ukijitoa kwenda ya binafsi kwa kufuata bei rahisi, hurudi tena mpaka umalize masomo, kwa hiyo usisaini fomu ya kujitoa bila kuelewa.

Marekani, mwenye visa ya F-1 (ile ya mwanafunzi wa kawaida) serikali haimlazimishi, chuo ndicho kinachomlazimisha. Bima yao inaingizwa moja kwa moja kwenye bili ya ada na inaweza kuwa dola 2,000 mpaka 4,000 na zaidi kwa mwaka. Vyuo vingine vinakubali ulete ya kwako lakini kuna fomu ya kuomba usamehewe na ina deadline, ikipita umeshalipa. Mwenye J-1 (visa ya programu za kubadilishana) yeye sheria inamtaka awe na bima ya angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali.

Uturuki usipoomba bima ya serikali ndani ya miezi 3 tangu usajiliwe chuoni mlango umefungwa. Australia lazima bima ya wanafunzi wa kigeni ifunike muda wote wa visa. China yao ni nafuu, yuan 800 kwa mwaka.

HATUA YA 2: Panga tarehe zishikane

Hili ngoja nilieleze kwa yaliyonikuta. Nilikatiwa bima ya safari Kampala, siku 40, ikaanza kuhesabu Agosti 10 kufuata tiketi ya kwanza. Visa ikachelewa nikaja kusafiri Septemba 4, tiketi nikabadilisha, bima sikukumbuka wala ajenti hakunikumbusha. Ikaisha Septemba 18. Ya chuo ilikuwa inaanza Oktoba mosi pale semesta inapofunguka. Septemba 23 natoka dukani na baiskeli, mvua imenyesha, tairi likaingia kwenye reli ya tramu (treni ya barabarani) nikaangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Pale hospitali nikatoa ile karatasi kwa kujiamini kabisa, dada wa mapokezi akaweka kidole kwenye tarehe, akaniangalia, hakusema kitu. Walinitibu vizuri tu, bili ikaja kwa posta, nikalipa euro 60 kila mwezi karibu miaka miwili.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike mistari mitatu: siku ndege inatua, siku bima ya safari inaisha, siku bima ya chuo inaanza. Kukiwa na hata siku moja wazi katikati, ongeza. Na ukibadilisha tiketi, siku hiyohiyo andika imeli kwa waliokukatia bima wasogeze tarehe, wakupe karatasi mpya.

HATUA YA 3: Soma isicholipa

Bima nyingi za safari hazilipi ugonjwa uliokuwa nao kabla: pumu, sikoseli, kisukari, presha, na mwenye kutumia dawa za ARV pia. Meno na miwani mara nyingi kivyake. Za Marekani zina kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe ndipo wao waanze, alafu ukienda hospitali isiyo kwenye orodha yao unaumia zaidi.

HATUA YA 4: Ukifika usingoje uumwe

Wiki ya kwanza jisajili. Uingereza tafuta GP (daktari wa kawaida wa mtaani) karibu na unapoishi, kumwona hulipi, ila dawa England ni pauni 9.90 kwa kila aina. Piga picha kadi ya bima mbele na nyuma, utumie na mtu mmoja nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Jinja: Mwanangu wa miaka 19 ana sikoseli anaenda Ujerumani, atapokelewa kweli?

Jibu: Atapokelewa mama, ana miaka 19 kwa hiyo bima ya umma ni haki yake na hali yake siyo kizuizi. Hofu yangu ni zile wiki kabla hajasajiliwa. Aende karibu na tarehe ya bima kuanza, abebe dawa za kutosha kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza yenye majina halisi ya dawa, siyo ya kibiashara.

Kijana wa Arua: Mi nina 33 nimepata masters Ujerumani, iko vipi kwangu kaka?

Jibu: Bei ya mwanafunzi umeipita ndugu yangu, wengi wa umri wako wanaingia ya binafsi. Kataa ile ya kitalii hata kama ni euro 30, kiulize chuo kwa imeli kama kinaikubali ile uliyoichagua KABLA hujalipa.

Dada wa Kawempe: Niko Marekani tayari, nikipata homa usiku niende emajensi?

Jibu: Emajensi ni ya kitu cha kutisha, bili yake nzito. Mafua, tumbo, kidonda, anza na kliniki ya chuo, ikiwa imefungwa kuna kliniki za haraka za mtaani zilizo kwenye orodha ya bima yako. Lakini dada, kama hujamaliza miezi mitatu tangu utoke Uganda na una homa kali, nenda usiku huohuo hata kama ni emajensi, na neno la kwanza uwaambie umetoka Uganda wakupime malaria. Daktari wa kule anaweza kudhani ni mafua akurudishe nyumbani. Usikubali kuondoka bila kipimo.