SOMO: Kutizama ndege na mjukuu, nyie wa pwani darubini sio lazima

Asalam alaykum wanachama, mniwie radhi hili somo niliahidi kitambo, nilikuwa na wageni. Mi ni bibi, naishi Sahare hapa Tanga, nakaa na wajukuu wawili, wa kike miaka mitano na kaka yake wa nane. Macho yangu yashaanza ukungu kwaiyo tuna mapatano: wao wanaona, mi nataja jina. Wasiponieleza vizuri sitaji. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufanya hilo tu.

HATUA YA 1: MAJI
Usitizame saa, tizama mwezi. Watu wanachukua watoto asubuhi siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yamekupwa hukooo, ndege wako mbali kama punje za mchele, mtoto anaona tope tu anaanza kulilia njaa mnarudi nyumbani mmenuniana. Bamvua huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, hivo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu yanajaa magharibi. Hizo ndo siku zangu. Tukishaswali alasiri tunashuka, maji yanapanda, na wale ndege waliotawanyika kwenye tope yanawasogeza taratiiibu mpaka wanasimama mbele yenu. Na jua liko mgongoni, linammulika ndege badala ya kuwachoma nyie macho.

HATUA YA 2: KAENI
Mkeka, maji ya kunywa, mhogo wa kuchoma au visheti. Msitembeetembee. Mtoto wa miaka mitano anatulia dakika ishirini, akizidi hapo ni mgonjwa huyo mpelekeni hospitali. Akichoka mwache achimbe mchanga, ndege hawamuogopi mtoto anaechimba, wanamuogopa anaekimbia.

HATUA YA 3: MASWALI KABLA YA JINA
Hapa ndo wazee tunaharibu. Tunakimbilia "yule yangeyange, yule membe", mtoto anaitika hewala na kesho hakumbuki hata mmoja. Mi nauliza: mdomo wake ukoje? Umenyooka au umepinda, umepinda juu au chini? Anatembea au anakimbia anasimama? Anakula nini?

Siku moja mjukuu wa kike akanambia "bibi yule ana mdomo mrefu umepinda chini, kamkamata kaa, anamkung'uta, mguu umeruka! mwengine tena!" Kweli bwana, alimkung'uta yule kaa hadi miguu ikapukutika ndo akammeza. Nikamuuliza mdomo ule umeuona wapi tena? Akafikiri weee. Kaka yake ndo akadaka: sululu ya babu ya kuchimbia mashimo ya migomba! Haya, na ndege huyo ndo jina lake, sululu. Mpaka leo hawajalisahau na sidhani kama watalisahau.

HATUA YA 4: NYUMBANI
Kama bahari ni mbali basi tafuta mti wenye viota vya mnana, wale wa njano wenye kelele. Kufuma ni kazi ya dume, anachana utepe wa jani la mnazi, ananing'inia kichwa chini anafunga mafundo, sie na vidole kumi hatuwezi. Akimaliza anapigapiga mbawa anamwita jike aje kukagua. Jike anaingia, anavuta huku, anavuta kule, hakupenda anaondoka. Kiota kikikaa mpaka majani yakakauka bila kupata mtu, dume anakifumua mwenyewe anaanza upya. Wa kwangu alilia siku hiyo! Nikamwambia huyo bwana posa imerudishwa, kesho atapeleka nyingine.

HATUA YA 5: DAFTARI
Achore, usimsahihishe. Tarehe andika wewe, na maji yalikuwaje.

Amani kule Muheza ni kuzuri sana, hifadhi tangu 1997, utawasikia hondohondo wakiruka mbawa zinavuma kama upepo wa kaskazi. Ila kwa mtoto mdogo njia ni ndefu na kona nyingi, atatapika. Asubiri afike miaka minane tisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Pangani): Bibi shikamoo. Mwanangu yeye kila siku kunguru, kunguru, sioni hao ndege wengine.
Jibu: Marahaba mwanangu. Basi anza na kunguru. Muulize shingo ina rangi gani. Ikiwa ya kijivu huyo mgeni, waliletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890, wakasambaa pwani yote. Yule wa kwetu ana shingo na kifua cheupe. Mwambie ahesabu wangapi wa kwetu, atakwambia mwenyewe kwa nini mnana wanapiga kelele, maana wageni hao wanakula mayai na makinda.

Swali (Bagamoyo): Wa kwangu kazi yake manati tu, nifanyeje?
Jibu: Mi wa kwangu nilimnyang'anya nikaitupa chooni, kesho yake katengeneza mbili. Nikaja nikamtundikia makopo ukutani apige hayo, na yeye ndo mlinzi wa mti wa mnana, mtoto mwengine akirusha jiwe anamshtaki yeye. Manati ipo, mnana wapo.

Swali (Muheza): Ndege wa tope mbona mwezi wa tano hawaonekani?
Jibu: Wengi wanakwenda Ulaya na Asia kuzaa, wanaanza kurudi mwezi wa nane wa tisa. Wachanga wachache hubaki.

Swali (Tanga mjini): Bibi mwenzangu, bundi nae mnamtizama?
Jibu: Anakula panya, na watoto nimewaambia hivo. Ila nikimsikia juu ya paa usiku mi nasoma zangu dua kimyakimya, nisiwadanganye.

Swali (Dar): Wajukuu niko nao mbali, tunafanyaje?
Jibu: Sauti! Ninae mwengine huko Mbagala, nilimfundisha tipitipi, yule anaelia du-du-du-du kama maji yanamiminwa toka kwenye chupa, wazee wanasema anaita mvua. Akisikia ndege anarekodi ananitumia, mi nataja. Juzi kaniletea moja nikamjibu kwa kujiamini kabisa tipitipi huyo, anikeni nguo ndani. Kumbe pampu ya maji ya jirani yao.