Mfundishe mbwa wako kuketi, kutoa mkono na kwenda guniani

Mbwa wengi wa Kampala, Jinja au Mbale hushinda bandani au kwenye mnyororo, wakafunguliwa usiku walinde. Mbwa wa namna hiyo ukimtoa na kuanza kumfundisha papo hapo, hatakusikia. Mwache kwanza akimbie uani dakika kumi, ajisaidie, anywe maji. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni panafaa, kabla hajala. Adhuhuri saruji huunguza nyayo, na mbwa anayehema kwa joto hajali chakula. Si lazima awe wa kizungu. Mbwa wa kienyeji hujifunza haya yote, hata akiwa ameshakomaa. Na wanaoogopa kwamba akijua michezo ataacha kulinda wasiwe na wasiwasi: kujua kuketi hakumzuii kubweka usiku.

Malipo yawe mukene, yaani dagaa. Nunua wakavu wasio na chumvi, uwapepete mpaka mchanga uishe, maana wengi huanikwa juu ya mchanga, kisha uwakaushe kwenye kikaango bila mafuta dakika mbili tatu. Samaki mmoja ni malipo ya mara moja. Kwa mazoezi magumu chemsha robo kilo ya maini ya ng'ombe kwa dakika 15, bila chumvi wala kitunguu, ukate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kwenye friji yakae siku tatu, yasizidi. Asiye na friji achemshe ya siku hiyo tu. Maini mengi huharisha, kwa hiyo siku hiyo punguza na chakula chake cha jioni. Posho (ugali) ataila, lakini ni wachache watakaoitolea jasho. Kitunguu, kitunguu saumu, chokoleti na zabibu ni sumu kwa mbwa, hata kama watoto wanamwonea huruma.

Unahitaji pia neno fupi la kumjulisha kwamba amepatia. "Safi!" linatosha. Kwanza lifunge na chakula: sema "safi", mpe mukene, mara 15, bila kumtaka afanye lolote. Akianza kugeuza kichwa kila alisikiapo, limeingia. Baada ya hapo litamke wakati uleule anapofanya jambo unalolitaka, na chakula kifuate mara moja. Ukichelewa sekunde tatu naye ameshasimama, umemlipa kwa kusimama. Wengi wanaosema mbwa wao ni mjinga wamekwama hapa.

Halafu mkubaliane nyumbani. Baba akisema "sit", shangazi akisema "tuula" na watoto wakisema "kaa", mbwa amepewa sauti tatu kwa jambo moja. Chagueni neno moja kwa kila tendo, mliandike na kulibandika mlango wa jikoni, askari na dada wa kazi nao walijue. Kuketi kuwe "keti", kutulia pale alipo kuwe "ngoja".

Kuketi

Shika mukene kwa vidole mbele ya pua yake, kisha upandishe mkono polepole kuelekea nyuma, juu ya kichwa. Pua ikifuata juu, makalio hushuka yenyewe. Yakigusa chini tu: "Safi!", mpe. Akirukaruka, mkono uko juu mno. Akirudi kinyumenyume, mweke mgongo ukiwa karibu na ukuta. Usimkandamize kiuno, atasukumana nawe badala ya kufikiri.

Baada ya mara tano hivi, fanya ishara ileile mkono ukiwa mtupu, na malipo yatoke mfukoni kwa mkono wa pili. Hatua hii usiiahirishe. Ukiendelea wiki nzima na chakula kikionekana, utapata mbwa anayeketi akiona samaki tu, asipomwona anakutazama kama mgeni. Anapoifuata ishara tupu bila kusita, ndipo neno liingie: sema "keti" mara moja, subiri kama sekunde moja, kisha toa ishara. Neno litangulie, vikienda pamoja ataangalia mkono na kupuuza sauti. Usirudie "keti, keti, keti", la sivyo atajifunza kungoja la tatu.

Kila somo lisizidi dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, na lifungwe angali ana hamu.

Mkono na kuzunguka

Fumba mukene kiganjani, ushushe mkono usawa wa kifua chake akiwa ameketi. Atanusa, atalamba, atasukuma kwa pua, nyamaza. Akichoka na hayo atainua mguu wa mbele. Hata ukiinuka kidogo tu, "safi!". Akishazoea, mnyoshee kiganja wazi kisicho na kitu. Kama hunyakua chakula kwa meno, mpe juu ya kiganja kilichonyooka, si kwa ncha za vidole. Watoto wasimfundishe mbwa ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa: chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuzunguka ni kuiongoza pua kwenye duara, ukilipa robo duara kwanza, kisha nusu, kisha zima. Mbwa mkubwa apewe duara pana. Kubingirika fanya kwenye nyasi au mkeka, kamwe si mara tu baada ya kula, hasa kwa German Shepherd na wengine wenye kifua kirefu, ambao tumbo lao linaweza kujaa hewa na kujisokota. Mbwa asiyetaka kulala chali mwache.

Guniani

Mchezo huu, wa mbwa kwenda kulala juu ya gunia lake mgeni anapobisha, ndio wenye faida kuliko yote, kwa sababu wageni wengi wanaogopa mbwa, na wengine hawapendi awaguse. Tandika gunia tupu mahali pasipo njia, mbali na mlango.

Rusha mukene juu ya gunia. Miguu minne ikikanyaga, "safi!", mpe wa pili hapohapo juu ya gunia. Baada ya siku mbili tatu nyoosha mkono tu bila kurusha, kisha ongeza neno "gunia". Sasa ngoja alale mwenyewe kabla hujalipa. Muda uongeze kidogo kidogo: sekunde mbili, tano, tatu, kumi, ukipanda moja kwa moja bila kurudi nyuma atachoka na kuondoka. Mfuate umlipe alipo. Ukimwita ndipo umpe, umemlipa kwa kutoka guniani. Akinyanyuka mara mbili mfululizo, punguza muda nusu.

Hodi iwe ya mwisho. Mtu wa nyumbani agonge geti taratibu mara moja. Wewe sema "gunia", mlipe kwa maini. Mgongaji aongeze nguvu siku baada ya siku, kisha aite hodi, kisha aingie. Baada ya marudio mengi mbwa ataanza kukimbilia gunia akisikia tu geti likigongwa, kabla hujasema. Asipokusikia kabisa kwa kubweka, usimpigie kelele wala fimbo: mbwa aliyewahi kupigwa huogopa mkono unaoinuka, na ishara zako zote ni mkono. Mgongaji arudi kwenye kugonga taratibu kama juzi, na boda boda ya mgeni iegeshwe nje ya geti mpaka wiki ijayo.