Ekari Moja ya Parachichi: Namna ya Kuwekeza Nyumbani, Nyanda za Juu Kusini

Kila Desemba, wenyeji wa Iringa, Njombe na Mbeya wanaofanya kazi mijini hurudi kusalimia wazee, wakasifu milima ilivyo kijani, kisha wakaondoka bila kuacha shilingi iliyozikwa katika udongo huo. Wageni kutoka mabara mengine hufunga safari ndefu kuja kuutafuta udongo uleule. Mwongozo huu ni kwa mwenye akiba ya wastani anayetaka kuanza na ekari moja ya parachichi aina ya Hass, zao ambalo Tanzania ilitia saini makubaliano ya kuliuza China mwaka 2022.

Anza na ardhi, wala usitangulize miche. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Na hata ukinunua kwa mwenyeji, uhamisho huo sharti upite mbele ya halmashauri. Karatasi iliyosainiwa kwa dalali, hata ikigongwa mihuri mitatu, haikukingi. Omba nakala ya muhtasari wa kikao, tembea mipaka pamoja na majirani wote wanaopakana nawe, kisha fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako.

Udongo nao una maneno yake. Binamu yangu alinunua ekari mbili kiangazi kwa kutazama picha kwenye simu. Mvua zilipoanza, shamba likawa bwawa na miche yote ikafa kwa kuoza mizizi, kwa sababu mparachichi hauvumilii maji yaliyotuama. Chimba shimo la futi mbili, ulijaze maji jioni. Ukikuta bado yamesimama asubuhi, tafuta kwingine. Epuka pia mabonde ambako umande huganda mwezi Juni na Julai, maana baridi hiyo huunguza miche michanga kama moto.

Ukipanda kwa nafasi ya mita saba kwa saba, ekari moja huchukua miche 82 hivi. Nunua miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti wa aina bora, katika kitalu ambacho unaweza kuiona miti mama yake, kwa kuwa mche wa mbegu hukuchelewesha miaka mingi na matunda yake hayafanani na ya mti uliotoa mbegu. Changanya na miche michache ya Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ambayo maua yake hufunguka kwa zamu tofauti na ya Hass, ili nyuki wapate kazi ya maana ya kuhamisha chavua. Andaa mashimo na samadi mapema, upande mvua zinapokolea kati ya Desemba na Januari. Matunda ya kwanza huja kuanzia mwaka wa tatu, kwa hiyo usiweke humo fedha ya ada ya shule. Katikati ya mistari panda maharage, nayo yatalipa palizi.

Wengi hupotezea jasho lao kwenye mavuno. Parachichi haliivi likiwa mtini, hulainika baada ya kuchumwa, na mchuuzi mwenye haraka atakushawishi uchume machanga. Chuma matano kutoka pande tofauti za shamba, uyaweke kabatini. Yakisinyaa kama ngozi ya mzee badala ya kulainika, mwambie mnunuzi arudi baadaye, hata kama ameshakuonyesha fedha. Yakilainika vizuri, vuna yaliyobaki mtini kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi, maana tunda lililong'olewa kwa mkono huoza kuanzia pale lilipochanika.

Jiunge na chama cha ushirika cha wakulima wa eneo lako, maana gari la kubeba tani kadhaa halipandi mlimani kwa ajili ya ekari moja. Bei ikubaliwe kwa kilo, isiwe kwa tenga wala kiroba, na mizani iwe imekwishafika shambani kabla ya mnunuzi.