SOMO: Kutoa vanishi ya zamani kwenye violoni

Wandugu, swali hili linarudi kila juma. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kama violoni ni ya zamani na ya kazi ya mkono, usiiguse. Vanishi yake ya kwanza ni sehemu ya bei yake. Hapa nasema za kiwandani, za wanafunzi.

1. Toa nyuzi, daraja na kishikio cha kidevu. Kijiti cha ndani (âme) kinaweza kuanguka, kikianguka kihifadhi.

2. Ziba matundu ya f kwa kitambaa kikavu.

3. Jaribu palipofichwa na kishikio cha kidevu: pamba yenye spiriti ya 95%, sekunde 20. Vanishi ikinata, spiriti itafanya kazi. Isiponata, utakwaruza pakavu.

4. Hapa ndipo violoni nyingi zinakufa. Usimwage spiriti. Lowesha pamba, ikamue, lainisha eneo la kiganja kimoja, kwaruza mara moja kabla halijakauka, futa, endelea. Ukilowesha ubao mzima, vanishi iliyoyeyuka inazama ndani ya mti na rangi yake haitoki tena: mabaka meusi, hasa juu, kwenye mbao laini. Tumia kikwaruzo cha chuma chembamba au kioo kilichovunjika upya, ukifuata mkondo wa mti. Ubao wa juu una kama milimita 3 tu, na ukiupunguza sauti inabadilika. Alkoli ya famasi ya 70% usitumie: 30% ni maji, na maji yanalegeza gundi. Babula (jiko la makaa) na mishumaa viwe mbali, hata umeme ukikatika.

5. Msasa 320, kisha 400, kwa mkono, kidogo tu. Shingo mkono unapopita iache.

6. Tundika kivulini siku mbili.

Swali (kutoka Kadutu, Bukavu): Nimepitisha mashine ya msasa, mstari mweusi wa ukingoni umepotea. Nifanyeje?

Jibu: Namba 5 inasema mkono. Mstari wa mbao iliyopachikwa haupotei haraka hivyo, wako ulichorwa. Uchore tena kwa wino usioyeyuka kwa spiriti.

Swali (Ibanda): Petroli je?

Jibu: Hapana. Soma namba 3: ni spiriti, au pakavu.

Swali (Bagira): Fundi, samahani, kwa nini mgongo unabanduka vipande nikikwaruza, na juu hapana?

Jibu: Umeangalia vizuri, yaya. Mgongo ni wa mti wenye mawimbi: nyuzi zake zinapanda na kushuka, kwa hiyo chuma kinazikuta zinakielekea na kuzing'oa. Noa upya, kisha lalisha kikwaruzo upande kama digrii 45, ukikata kidogo kidogo. Juu nyuzi zimenyooka.

Swali (Goma): Vanishi mpya ya spiriti imekuwa nyeupe kama maziwa.

Jibu: Umepaka wakati wa mvua. Spiriti ikiruka inapoza ubao, unyevu wa hewa unashika. Ngoja siku kavu, pitisha pamba yenye spiriti kidogo sana, haraka, bila kusimama. Weupe mwingi utatoka.

Swali (Bagira): Na hapa Bukavu mvua haikatiki?

Jibu: Paka saa sita mchana, tabaka jembamba. Kazi kubwa iweke Juni hadi Agosti.