Somo: Kikapu cha gugu maji na mimea miwili kwa chumba cha kupanga

Habari za jioni ndugu zangu. Somo hili nimeliahidi tangu kabla ya Pasaka, na deni ni deni.

Chumba chetu ni cha kupanga, hapa Mwanza, mtaa wa Mabatini juu kabisa mlimani, kule ambako bodaboda anakushusha na kukuonyesha ngazi za mawe umalizie mwenyewe. Kina dirisha moja, ukuta wa krimu uliochoka, na mgongoni mwa nyumba kuna jabali linalotuzibia jua la asubuhi. Nitakayoyasema nimeyafanyia humo humo.

Hatua ya 1: Angalia mwanga

Kabla ya kununua chochote, simama pale unapotaka mmea ukae, saa nane mchana, taa imezimwa. Ukiweza kusoma gazeti, mmea wa kivuli utaishi. Usipoweza, weka kikapu kitupu. Mimea mingi inayokufa ndani inanyimwa mwanga, kisha mwenyewe anaihurumia na kuizidishia maji.

Hatua ya 2: Omba, usinunue

Mimea miwili inatosha kuanzia. Wa kwanza ni ule unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo na madoa ya njano, ambao wengi tunauita maniplanti. Omba kipande kwa jirani, kikatwe chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Kitie kwenye chupa ya maji, na wiki mbili tatu baadaye utaona nyuzi nyeupe.

Wa pili ni mkonge mwitu, ule wa majani yaliyosimama kama mapanga. Kata jani vipande vya urefu wa kiganja, viache siku tatu vikauke jeraha, kisha vichomeke kwenye mchanga. Usigeuze juu chini, havitaota. Halafu kuwa na subira, vyangu vilichukua zaidi ya miezi miwili. Na kama jani lilikuwa na ukingo wa njano, watoto watakuja kijani kitupu. Ukitaka ukingo ubaki, omba chipukizi lenye mizizi yake.

Hatua ya 3: Udongo

Udongo makopo mawili, samadi iliyooza kopo moja, maganda ya mpunga kopo moja. Maganda utayapata mashine ya kukobolea, na yanasaidia maji yasituame. Ndoo utakayopandia itoboe chini kwa msumari uliopashwa moto; kikapu tutakisuka kuizunguka. Basi.

Hatua ya 4: Kikapu chenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Gugu maji, ule mmea unaoelea ziwani, asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika ziwa letu la Viktoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wanalijua kwa uchungu, maana likifunga mwalo mtumbwi hautoki. Sisi tunataka mabua yake.

Usiingie majini kuyachuma. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na hupenya ngozi bila wewe kusikia. Waombe wanaosafisha mwalo wakupe yaliyokwishatupwa nchi kavu, ukavae glavu na buti za mpira. Chagua mabua marefu kama mkono wako. Mizizi na maua yaache huko huko, kwa sababu mbegu zake hukaa miaka mingi zikingoja maji, na bwawa la jirani yako halina kosa.

Yaoshe, uyaanike juu ya jabali. Mawe ya Mwanza yanachoma juu na chini, ndiyo maana hata nguo zetu hukauka upesi. Mzigo uliokushinda kubeba utashangaa umekuwa fungu la kwapani, kwani bua lile ni sponji iliyojaa maji. Likikauka sawasawa huwa la kahawia na ukilikunja husikii maji wala ubaridi vidoleni.

Mimi mara ya kwanza nilikuwa na haraka. Yalikaa siku mbili nikayasuka. Mvua za Novemba zilipofika, kikapu kikaota manyoya ya kijivu na chumba kikanuka kama gunia la viazi lililosahauliwa. Sasa nayapa wiki nzima ya jua, na jioni nayaingiza ndani yasipigwe na umande.

Siku ya kusuka, yafute kwa kitambaa chenye maji ili yasivunjike. Chukua mabua sita, mawili mawili, suka mistari mitatu kama unavyomsuka mtoto nywele. Bua likikaribia kuisha, chomeka jipya kabla la zamani halijafika mwisho, na usiunge mawili mahali pamoja. Ndoo ya rangi ya lita nne ilinilia msuko wa mita sita hivi. Zungushia ndoo kuanzia chini, kila mzunguko uushone kwa ule wa chini yake kwa shazia na uzi wa katani. Mwisho paka vanishi nyepesi mara mbili.

Chini ya ndoo weka sahani, na uijaze mchanga. Sahani yenye maji matupu ni kitalu cha mbu.

Hatua ya 5: Ukuta

Chukua vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, uvibandike kwa gundi kwenye fremu ya mbao za kreti. Ukitaka mawazo ya nakshi, kabla ya kufungua simu nenda Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ukaangalie vyungu, ngoma na viti.

Maswali ya wanakikundi

*Dada, baba mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani. Nifanyeje?* (Buhongwa)

Tumia nondo za dirisha. Funga kamba nne za katani fundo moja chini, chungu kikae katikati, juu ning'iniza kwenye nondo. Kikiwa kizito, kiache sakafuni tu.

*Shikamoo. Kikapu changu kina madoa meusi, nikitupe?* (Igoma)

Marahaba mwanangu. Kifute kwa siki, kianike jua kali siku mbili. Madoa yakirudi, kitupe, na safari ijayo usinifuate mimi wa Novemba.

*Nina mtoto anayetambaa na kila kitu ni mdomoni.* (Kirumba)

Basi maniplanti iwe juu kabisa asikoweza kufika, na mikia yake uipunguze. Majani yake yanawasha mdomo na koo. Mkonge mwitu nao husumbua tumbo. Kwa sasa ningekushauri mchaichai kwenye ndoo dirishani, akitafuna hadhuriki, ila kingo za majani hukata, mwangalie.

*Naweza kupamba kwa wavu wa dagaa uliochakaa?* (Nyegezi)

Unapendeza sana nyuma ya fremu. Ila uloweke usiku kucha kwenye sabuni ya unga, urudie mara tatu. Mimi niliurudia mara moja, paka wa mtaa mzima wakahamia kwangu.

*Unauza vikapu?* (Pasiansi)

Bado. Kile cha kwanza kizuri alikichukua mama mwenye nyumba, anawekea vitunguu. Ameagiza vingine viwili.