Kabla Hujamlipa Mtu Akuandikie Wasifu wa Kazi

Mtu anayetafuta kazi leo Dar es Salaam, Mwanza au Arusha haendi mbali kumpata wa kumwandikia wasifu, au CV kama wengi tunavyouita. Kuna vijana wa steshenari zilizo jirani na vyuo, ambao huchapa barua na wasifu huku mteja amesimama nyuma yao akisubiri. Kuna wanaojitangaza kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram yanayosambaza nafasi za kazi. Na kuna wataalamu wachache, baadhi yao waliowahi kuwa maofisa rasilimali watu, ambao humhoji mteja kwa saa nzima kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Wote hujiita waandishi wa wasifu, ilhali kazi wanazofanya hazifanani. Kijana wa steshenari ni mchapaji, na mchapaji mzuri ana thamani yake. Tatizo huanza pale mteja anapomlipa mchapaji bei ya mwandishi, au anapomwachia mwandishi kazi ambayo ni ya mteja mwenyewe, yaani kukumbuka na kueleza alichokifanya.

Jambo hili nimeliona kutoka pande zote mbili za meza. Nilipohitimu chuo nilimlipa mtu anitengenezee wasifu, akanirudishia karatasi iliyopangwa vizuri ambayo, chini kabisa, ilikuwa na majina ya wadhamini nisiowafahamu, kwa sababu alikuwa ameandika juu ya wasifu wa mteja mwingine na kusahau kufuta. Niligundua nikiwa nimekwisha kuutuma mahali pawili. Miaka kadhaa baadaye, nilipoombwa kusaidia kuchambua maombi ya nafasi ya mhasibu msaidizi, nilikuta katika rundo moja aya ya utangulizi ileile, neno kwa neno, katika maombi ya watu watatu tofauti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amedanganya, lakini hakuna tuliyemkumbuka tulipofika mwisho wa rundo.

Je, unamhitaji?

Anza na aina ya kazi unayoiomba. Kwa ajira nyingi za serikali ya Tanzania, maombi hupitia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambamo mwombaji hujaza taarifa zake za elimu, uzoefu na wadhamini sehemu kwa sehemu, kisha huambatanisha vyeti na barua ya maombi iliyosainiwa. Matangazo ya Sekretarieti huruhusu barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, hutaka majina ya wadhamini watatu, na husema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi badala ya cheti chenyewe. Mchujo wa namna hii hutazama kwanza kama sifa zilizotajwa zimetimia na kama viambatanisho viko sawa. Mtu ambaye jina lake kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na lile la kitambulisho cha NIDA hasaidiwi na sentensi tamu. Pesa zake zingefanya kazi zaidi kwa wakili, ili apate hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo.

Hapo pia kuna onyo ambalo sichoki kulirudia. Ukienda steshenari kufunguliwa akaunti ya Ajira Portal, hakikisha barua pepe ni yako, namba ya simu ni yako, na neno la siri umelichagua na kuliandika wewe. Wapo waombaji waliofunguliwa akaunti kwa barua pepe iliyotungwa papo hapo na kijana wa dukani. Ilipofika siku ya kuangalia namba ya usaili, yule kijana alikuwa amehama na hakuna aliyejua pa kuingilia.

Katika kampuni binafsi, benki, mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi ya wafadhili hali ni tofauti, kwa maana huko wasifu wenyewe ndio unaosomwa kwanza, mara nyingi na mtu mwenye maombi mengi na muda mfupi. Msaada wa mwandishi huonekana zaidi kwa mtu anayehama fani, kwa aliyekaa nje ya ajira miaka kadhaa akilea watoto au akiuguza mzazi, na kwa anayeomba kazi nchi nyingine yenye desturi zake. Mwajiri wa Marekani hatarajii picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Katika nchi za Ghuba picha na uraia huwekwa kwa kawaida. Na kwa nchi za Umoja wa Ulaya kuna kiolezo cha Europass kinachopatikana mtandaoni bila malipo. Mhitimu wa juzi ambaye bado hana kazi ya kueleza anaweza kuanza kwa mhadhiri wake, kwa ofisi ya ushauri wa ajira ya chuo kama ipo, au kwa kaka na dada waliomtangulia kazini, kabla hajafungua pochi.

Kazi ya kufanya kabla hujampigia simu

Mwandishi hata awe hodari kiasi gani hawezi kupanga kitu ambacho hukumletea. Kaa na daftari kwa jioni mbili au tatu, uandike kila kazi uliyowahi kufanya, ya kulipwa, ya kujitolea na ya mafunzo kwa vitendo, pamoja na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Chini ya kila kazi jibu maswali haya kwa maneno yako ya kawaida: asubuhi ulipofika ulianza na nini, ulimpelekea nani taarifa, uliwasimamia wangapi, ni kitu gani kingekwama kama usingekuwepo, na ni nini kilikuwa kimebadilika siku ulipoondoka.

Chukua mfano wa mtunza stoo. Akiulizwa kwa haraka atasema, “Nilihusika na masuala ya stoo,” na mchapaji ataandika hivyo hivyo, labda kwa Kiingereza kizuri zaidi. Akikaa na daftari lake atakumbuka kwamba alipokea na kutoa vipuri kwa ajili ya magari kumi na mawili, kwamba alihesabu mali kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja, na kwamba ni yeye aliyependekeza vipuri vinavyotoka haraka viwekwe karibu na mlango, hata mafundi wakaacha kusubiri. Hayo matatu ndiyo wasifu wake. Kilichobaki ni kuyapanga. Binti aliyefanya mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri kwa wiki nane naye asiridhike na kuandika jina la ofisi tu. Kama alikuwa akiingiza taarifa za vikundi vya mikopo kwenye kompyuta na kuwapigia simu viongozi wa vikundi vilivyochelewesha marejesho, hiyo ni kazi, na mwajiri wa benki ataielewa mara moja.

Pamoja na daftari, tafuta matangazo mawili au matatu ya kazi unazozitaka kweli. Wasifu usiolenga kazi yoyote humpa mwandishi ruhusa ya kujaza maneno yanayomfaa kila mtu. Piga simu pia kwa wadhamini wako, uwaombe ridhaa na uthibitishe vyeo na namba zao za sasa, kwani mdhamini aliyestaafu au kuhama ofisi hukuangusha bila kujua.

Namna ya kumpima mwandishi

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni maswali yake. Akikuambia, “Tuma vyeti, picha na pesa, kesho unapata,” umempata mchapaji. Mlipe bei ya uchapaji kama hicho ndicho unachokihitaji. Mwandishi atataka kuona tangazo la kazi, atakuuliza kwa nini uliacha kazi ya mwisho, atakubana kwenye mwaka usio na maelezo, na atakukatalia baadhi ya mambo uliyoyapenda. Usichukie kubanwa, kwa sababu maswali hayo hayo utayakuta kwenye usaili.

Omba kuona sampuli mbili za kazi alizofanya kwa watu wa fani inayokaribiana na yako. Soma kama zinatofautiana kwa maudhui au ni kiolezo kimoja kilichobadilishwa majina. Lakini angalia pia jambo jingine: akikutumia wasifu wa mteja halisi wenye jina, namba ya simu na anwani, achana naye hapo hapo, kwa sababu wako nao utatumwa kwa mgeni atakayefuata. Wengi sasa hutumia programu za akili mnemba, na kutumia programu si kosa. Kosa ni kukuuzia maneno ambayo programu imeyatunga bila kukuuliza lolote. Utayatambua kwa sifa zisizo na ushahidi, kama “mchapakazi mwenye ari na ubunifu”, ambazo jirani yako angeweza kuzibandika kwenye wasifu wake bila kubadilisha herufi.

Anayekuahidi kwamba lazima utaitwa kwenye usaili anakuahidi kitu kisicho mikononi mwake. Anayedai ana mtu wake ndani ya ofisi, na kwamba nyongeza kidogo itamfikia mtu huyo, ama ni tapeli ama anakuingiza kwenye rushwa, na hilo ni la TAKUKURU. Mwingine atakuambia kwa upole kwamba mwaka mmoja wa uzoefu anaweza kuufanya miaka mitatu, kwa kuwa kila mtu huongeza chumvi. Mkatalie. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wengine kati yao walikuwa wamekwisha kutumikia kwa miaka mingi. Aliyekuongezea miaka kwenye wasifu hatakuwepo siku utakapoulizwa. Jina na saini ni vyako.

Mapatano na taarifa zako

Patana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp tu: ataandika nini hasa, wasifu peke yake au pamoja na barua ya maombi na maelezo ya LinkedIn, kwa lugha gani, kwa siku ngapi, na utaruhusiwa kurudisha kwa marekebisho mara ngapi. Bei hutofautiana sana, kuanzia elfu chache za steshenari hadi laki na zaidi kwa wanaohoji na kuandika upya kabisa, kwa hiyo uliza watu wawili au watatu kabla ya kuamua. Lipa nusu mwanzoni na nusu baada ya marekebisho, na uhifadhi ujumbe wa muamala. Sisitiza upewe faili la Word unaloweza kulirekebisha mwenyewe, pamoja na PDF. Aliyekupa PDF pekee amekufunga urudi kwake kila unapobadilisha namba ya simu.

Kuandika wasifu hakuhitaji nakala ya kitambulisho chako, wala cheti cha kuzaliwa, wala namba ya akaunti ya benki. Mpe taarifa, si hati. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo unapomwomba mwandishi afute nakala zako baada ya kazi kwisha, hiyo si jeuri, ni haki yako.

Siku ya kuupokea

Usiutume siku hiyo hiyo. Usome kwa sauti, mstari kwa mstari, na kwa kila sentensi ujiulize kama unaweza kuieleza kwa dakika mbili ukitoa mfano uliouona kwa macho yako. Usipoweza, ifute au irahisishe. Hili ni muhimu hasa kwa wasifu wa Kiingereza. Nimewaona waombaji ambao karatasi zao zilikuwa na Kiingereza cha juu kuliko kile walichoweza kukizungumza, wakaingia kwenye usaili wakiwa na hofu ya karatasi yao wenyewe, na hofu hiyo ikaficha ujuzi waliokuwa nao kweli. Mwombe mwandishi atumie Kiingereza chako, kilichosafishwa makosa.

Linganisha kila tarehe na vyeti, na mpangilio wa majina na ule wa kitambulisho. Kisha fanya jaribio dogo: fungua PDF, nakili maandishi yote, uyabandike kwenye ujumbe mtupu wa simu. Yakitokea yamechanganyika, au namba ya simu ikapotea kwa sababu iliwekwa ndani ya picha au jedwali, basi mifumo ya kompyuta ambayo baadhi ya kampuni kubwa huitumia kuchuja maombi inaweza kuusoma vibaya vivyo hivyo. Mrudishie aondoe mapambo. Faili lipe jina lako kamili na neno wasifu, si “CV mpya ya mwisho 3”.

Baada ya hapo weka kumbukumbu ya kila ombi unalotuma, tarehe na toleo la wasifu ulilotumia. Ikiwa maombi kumi au zaidi, ya kazi ambazo sifa zake unazo, yamepita bila kuitwa hata mara moja, rudi kwa mwandishi na kumbukumbu hiyo mkaitazame pamoja, na mwanzie nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Ikiwa unaitwa kwenye usaili lakini hupati kazi, wasifu umekwisha kufanya kazi yake. Usilipe tena uandikwe upya, bali mtafute mtu wa kukaa naye mfanye mazoezi ya usaili.