Kabla ya kuandika insha za kuomba MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara): mambo ya kuzingatia kwa mwombaji wa Malindi na Lamu

Insha nyingi za kuomba shule ya biashara huharibika kabla ya sentensi ya kwanza, kwa sababu mwombaji amekaa mbele ya kompyuta mikono mitupu. Kwa hiyo anza na kalenda. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kwa awamu: ya kwanza Septemba, ya pili Januari, ya tatu karibu na Aprili. Hesabu wiki kumi kurudi nyuma. Anayelenga Septemba aanze Juni, kusi ikivuma na hoteli nyingi za Malindi zikiwa zimetulia. Awamu ya Januari humwia vigumu mfanyakazi wa utalii, maana wiki za kuandika huangukia Disemba, wageni wamejaa na ruhusa hakuna. Huyo awe na rasimu kamili mwisho wa Novemba.

Nakili maswali kutoka tovuti ya chuo, ya mwaka huo huo unaoomba, kwani hubadilika. Mwaka 2024 Harvard iliacha swali lake moja la wazi ikaweka matatu mafupi, moja la kujibiwa kwa maneno yasiyozidi 300 na mawili kwa yasiyozidi 250. Stanford kwa miaka mingi imeuliza ni jambo gani lililo muhimu zaidi kwako, na kwa nini. Maneno 250 hubeba tukio moja tu. Ukiingiza mawili, yote mawili yatabaki majina ya matukio.

Sasa tafuta daftari. Andika matukio 12 hadi 15 ya kazini, nyumbani na mtaani, na kwa kila moja: lini, nani alihusika, ulikuwa na njia zipi, ulichagua ipi, kwa nini, na nini kilibadilika. Weka kiasi. Tuseme umesimamia mauzo ya kikundi cha wavuvi. "Niliboresha mapato ya kikundi" haimwambii msomaji kitu. Lakini ukieleza kwamba kati ya kilo 200 za samaki kilo 40 zilikuwa zikiharibika kwa kukosa barafu, kwamba uliwashawishi wanachama 22 wakatwe shilingi 10 kwa kila kilo kwa miezi mitatu, kwamba watano walikataa na ukaenda kuwaona mmoja mmoja, kisha friza ikanunuliwa, hapo kamati ya udahili inakuona unavyofikiri. Wale watano waliokataa ndio kiini cha insha, usiwafiche. Tarakimu zitoke kwenye risiti na daftari la mauzo, kwa sababu utaulizwa kwenye usaili, na baadhi ya vyuo huhakiki maelezo baada ya kukukubali.

Jambo linalotutatiza zaidi sisi watu wa Pwani ni adabu yetu wenyewe. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, na kwamba kizuri chajiuza. Basi mtu aliyebeba kazi yote huandika "tulifanya", "ilibidi", "ikaonekana bora", na mawazo hayo yakihamia Kiingereza, mtendaji hupotea kabisa. Kamati haiwezi kuuliza majirani. Pitia rasimu kwa kalamu nyekundu, pigia mstari kila "sisi", na ujiulize ni nani hasa aliyefanya. Palipo kazi yako, andika "mimi". Palipo kazi ya mwenzako, mtaje kwa cheo chake na ueleze alichofanya. Kusema ukweli kwa kipimo chake si majivuno.

Msomaji huenda hajui jahazi ni nini wala kwa nini bahari hufungwa na kusi. Mpe maelezo mafupi ndani ya sentensi, kisha uendelee. Lakini usifungue insha kwa machweo, punda na vichochoro. Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sifa hiyo ni ya mji, na kiti kinachoombwa ni chako.

Malengo nayo yawe kazi inayoonekana. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na waombaji wengi hutaka "kukuza uchumi wa Lamu". Taja utauza nini, kwa nani, unakosa ujuzi gani, na somo gani la chuo hicho litakupa. Ukibadilisha jina la chuo na aya bado inasimama, hujamaliza utafiti.

Watakaokuandikia barua za mapendekezo waarifu wiki sita kabla, uwape orodha fupi ya matukio mliyoshuhudia pamoja. Usiwaandikie barua, mkono mmoja hutambulika.

Mwisho ni saa. Chuo kikiandika 12:00 mchana, saa za Boston, kwetu huwa saa moja jioni mwezi wa Septemba na saa mbili usiku mwezi wa Januari, kwa kuwa Wamarekani hurudisha saa zao nyuma Novemba. Tuma siku mbili kabla, ukiwa na bando kwenye simu na betri imejaa, na hifadhi nakala ya PDF ya kila ulichotuma. Hiyo ndiyo utakayoisoma usiku wa kuamkia usaili.